Ukishaamua kununua gari la kifahari linalosumbua, lichague hivi

Mteja wangu mmoja alikuja gerejini na karatasi mkononi. Alikuwa ameorodhesha ubovu wote unaojulikana wa gari analolitaka: linavuja oili, linachemsha, umeme wake una wazimu. Nikadhani amekuja kuniaga kwamba ameachana nalo. "Fundi," akasema, "najua litanisumbua. Nisaidie lisinisumbue sana." Tangu siku hiyo nimeacha kuwakataza watu.

Nina miaka kumi na tisa ya kushika spana, mingi nimelala chini ya magari ya aina hiyo, na mwenyewe ninalo moja. Kwa hiyo sitakuambia ununue la kawaida. Nitakuambia namna ya kuingia ukiwa macho.

Anza kwa kujikubalia unachonunua. Ukifunga mlango, unasikia mlio mzito mmoja, kisha kelele za barabara zinabaki nje. Kiti kinakushika kiuno. Dakika kumi za kwanza zinamfanyia muuzaji kazi yote. Wengine wanataka tu kupishwa getini, na sioni aibu katika hilo, mradi mtu asijidanganye kwamba amefuata usalama wa watoto. Toyota walipoleta Lexus LS 400 mwaka 1989 walionyesha kuwa raha na uimara vinaweza kukaa gari moja. Nikiwashauri wateja wakaliangalie, wanarudi wakisema ni zuri, halafu wananiuliza habari za lile lile walilokuja nalo. Moyo ulishakwenda.

Jua pia gari hilo lilimlenga nani. Mnunuzi wa kwanza hukaa nalo miaka mitatu, minne, waranti ikiwa hai. Kikifa kitu, analirudisha kwa wenyewe, wanamaliza. Akikuambia halijawahi kumsumbua, pengine hadanganyi. Shida zinaanza zamu yako. Na hapo ndipo watu wanapopotea hesabu: gari limeshuka bei, spea hazikushuka. Tafuta lilikuwa likiuzwa shilingi ngapi jipya, maana gharama za matengenezo bado zinasoma bei ile. Kama gari la bei ile usingeweza kulihudumia, hata hili huliwezi.

Mtu ataniuliza, kwa nini gari ghali liharibike kuliko la bei ndogo? Kwa sehemu ni wingi wa vitu. Kiti kimoja kina mota ya kwenda mbele, ya kupanda, ya mgongo, na pampu ya kukanda kiuno. Halafu teknolojia mpya huanzia huko. ABS ya kielektroniki ya Bosch, yaani breki zisizoacha tairi zifunge na kuserereka, iliingia kwenye Mercedes S-Class mwaka 1978; leo iko kwenye vigari vidogo kabisa na hakuna anayeizungumzia. Mwenye gari la kifahari analipa ili awe wa kwanza kujaribiwa.

Siku ya kwenda kuliona, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna mlio wa asubuhi ambao hakutaka uusikie. Mwambie utarudi kesho. Kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake kwenye dashibodi, izimike injini ikishika. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameinyamazisha. Chomeka mashine ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari, hata ile ndogo ya bei rahisi. Ikisema hakuna kosa lolote, usishangilie bado: angalia kwenye mashine hiyo kama majaribio ambayo gari hujipima lenyewe yamekamilika. Mengi yakiwa hayajakamilika, ama betri ilichomolewa ama makosa yalifutwa juzi tu.

Kama linabebwa na mifuko ya hewa badala ya springi, hapo ndipo ukae zaidi. Lipandishe juu kabisa, lizime, pima kwa futi kutoka katikati ya kila tairi hadi ukingo wa bodi juu yake. Nenda kanywe chai, rudi baada ya saa mbili, pima tena. Kona iliyoshuka peke yake inavuja. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye mfuko na viungo vya mipira utaona povu linapumua. Langu lilinifundisha hili kwa fedha yangu: nilikuta kompresa, pampu inayojaza hewa mifuko hiyo, imekufa, nikaweka mpya, ikaungua kabla mwaka haujaisha. Mfuko ulikuwa unavuja kidogo kidogo, na kompresa ilikuwa haipumziki. Fundi mzima! Tibu uvujaji kwanza.

Gia boksi, usiulize kama inabadilisha vizuri, uliza oili yake ilibadilishwa lini. Ukijibiwa kwamba ni ya maisha, kumbuka kuwa ZF, wanaozitengenezea kampuni nyingi, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua lenye mazagazaga machache: springi za chuma na injini iliyouzwa sana. Paa la kioo litakufurahisha wiki mbili, kisha mifereji yake ikiziba, maji yatashukia kwenye kapeti, ambapo wakati mwingine ndipo wamelaza visanduku vya umeme.

Fundi mpate kabla ya gari, aliyezoea aina hiyo hasa. Spea, soma jina la aliyeitengeneza. Mara nyingi kifaa kile kile kinauzwa kwenye boksi la Bosch, Mahle au Lemförder bila nembo ya gari, kwa bei ya chini. Vitu vya plastiki vya kupozea injini, yaani tanki la maji na nyumba ya thamostati, badilisha mapema visikupasukie njiani.

Na usimalize fedha yote kwenye kununua. Yule mteja wa karatasi alitaka lenye injini kubwa. Nikamshusha kwa lenye injini ndogo, tofauti ya bei akaiweka kando. Mwezi wa tano ilimtoka pampu ya maji. Alikuja akilalamika, akalipa, akafunga mlango polepole ili ausikie ule mlio.