Kompyuta iondoke, lakini diski ibaki nyumbani

Mimi ni fundi kompyuta hapa Chake Chake, na mtu akiniletea mashine iliyochoka swali lake huwa moja: "Fundi, hii itatoka kwa bei gani?" Mimi huuliza jengine. Ndani mna nini?

Mara nyingi mna skani za vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari na, kubwa kuliko yote, picha za harusi. Biharusi na wenzake ukumbini, mabuibui yametundikwa, hamna mwanamme. Picha zile zilipigwa kwa kuaminiana. Ukimuuzia mtu mashine na diski yake, yaani kile kifaa cha ndani kinachohifadhi mafaili, umemuuzia na hizo.

Usinambie umeshazifuta. Ukifuta faili, kompyuta huondoa jina lake kwenye orodha tu. Lenyewe limo mpaka kitu chengine kiandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka, yaani kuiambia kompyuta iione diski tupu, ni hivyo hivyo. Programu za kurudisha mafaili ziko za bure, na kijana wa skuli anaziweza.

Basi anza kwa kunakili unachokitaka, ukifungue kwenye mashine nyengine uhakikishe kinafunguka. Kisha chukua bisibisi. Kwenye boksi la mezani, lile wengi waliitalo sipiyu, fungua ubavu mmoja, chomoa waya mbili za diski na skrubu zake. Laptopu nyingi diski iko chini, nyuma ya kifuniko. Kama huna kazi nayo tena, itoboe kwa drili mpaka upite kwenye visahani vya ndani. Diski za laptopu nyengine visahani vyake ni vya kioo, kwa hiyo izungushie kitambaa kizito na uvae miwani. Zile mpya, SSD, hazina visahani: nyundo lazima ivunje chipu zenyewe, moja moja. Sumaku haizifanyi kitu.

Betri ya laptopu iliyovimba usiiminye wala usiitoboe, hushika moto. Ziba ncha zake kwa tepu, iweke ndani ya kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na jua na watoto. Monita za chogo, zile nene za zamani, ndio kabisa usizifungue. Ndani mnaweza kubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa waya, na kioo chake kina madini ya risasi.

Mabaki ya mashine yasiende jaani wala kwenye mashimo ya mawe. Visiwa vyetu vina sehemu nyingi za jiwe la matumbawe. Maji ya mvua hupenya upesi, na sisi tunakunywa ya chini. Na wale wanaochoma waya wapate shaba, moshi ule wa plastiki ni sumu, na wanaouvuta kwanza ni watoto wa mtaa. Anayetaka shaba achune waya kwa kisu. Wanunuzi wa vyuma chakavu wape boksi tupu la bati. Ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine), feni na pawa saplai mpe fundi, kwani kwetu kipuri kizima hakikosi mashine ya kukisubiri. Skuli au ofisi yenye chumba kizima cha mashine mbovu iulizie kwanza ZEMA, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, na kama ni mali ya serikali kuna utaratibu wake wa kuifuta kwenye daftari, usiharakie kuiuza kienyeji.

Lakini hakikisha kwanza kama mashine imekufa kweli. Tangu mfumo wa Windows 10 ulipoachwa kuhudumiwa na wenyewe, Microsoft, Oktoba 14, 2025, watu wananiletea mashine nzima kabisa. Yenye ramu ya GB 4 nikiitia Linux, mfumo mwengine wa bure, mtoto anaandikia na kusomea vizuri tu. Ukitaka kuigawa ikiwa na diski yake ya zamani, kwenye mipangilio chagua kuirejesha upya na kuondoa kila kitu, kisha ingia kwenye machaguo ya ziada uwashe la kusafisha diski. Huchukua masaa, basi iwe kwenye chaji usiku kucha. Mimi lakini hupendelea kutia diski nyengine ya bei ndogo.

Na chaja yake itoe pamoja nayo. Laptopu isiyo na chaja, huku Pemba, inatoka uvunguni mwako inaingia uvunguni mwa mwengine.