Sarufi ya Kilatini kwa Wanaoanza: Tunavyojifunza kwa Kundi la WhatsApp Hapa Mwanza

Kundi letu lina wanakwaya, wanafunzi wa udaktari pale Bugando, wanachuo wa Malimbe na watu wa samaki wa Mwaloni Kirumba wanaotaka kuelewa majina ya kitaalamu ya samaki wanaowauza. Hakuna ada wala cheti. Mimi ndiye mratibu, na hatua zilizo hapa chini ndizo tunazofuata. Ukiwa Musoma, Bukoba au Ukerewe unaweza kuanzisha kundi lako kwa hatua hizi hizi.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote: mtu anayejua Kiswahili ana sarufi ya kutosha kichwani ya kumfikisha kwenye Kilatini. Asilazimike kupitia Kiingereza, maana huko atapoteza vitu ambavyo tayari anavyo.

Hatua ya 1: Watu, kitabu, mratibu

Anzeni na watu wanane hadi kumi na wawili. Wakizidi hapo, kusahihisha kunamwelemea mratibu. Wakipungua sana, wawili wakiugua kundi linalala.

Kitabu kiwe kimoja kwa wote. Sisi tunatumia *Latin for Beginners* cha Benjamin L. D'Ooge, kilichochapwa Boston mwaka 1911. Haki miliki yake imekwisha muda, kwa hiyo kinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Mmoja akipakue, akirushe kundini, na anayependa karatasi akakitoe steshenari. Kimeandikwa kwa Kiingereza, ndiyo maana kila somo mratibu huandika maelezo mafupi ya Kiswahili. Msichanganye vitabu. Nomino ya Kilatini hubadilika umbo kulingana na kazi yake katika sentensi, na kila umbo lina jina lake. Vya Marekani hupanga majedwali ya nomino kwa nominativi, genitivi, dativi, akuzativi, ablativi. Vingi vya Uingereza huweka akuzativi karibu na juu. Mwanafunzi aliyekariri jedwali kwa mpangilio mmoja akiletewa mwingine, anayumba kabisa.

Hatua ya 2: Matamshi, siku chache tu

Chagueni mapema: matamshi ya kanisa au ya Warumi wa kale. Katika ya kanisa, *c* mbele ya *e* au *i* ni "ch". Katika ya kale ni "k" daima. Wanakwaya wamezoea ya kanisa, basi tukachukua hayo.

Irabu tano za Kiswahili zinatutosha, ila urefu wake ni wa kuangaliwa: kitabu huweka mstari juu ya irabu ndefu. Shida yetu kubwa iko kwenye mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri. Kilatini hukaza hapo ikiwa silabi hiyo ni nzito tu, yaani ina irabu ndefu au imefungwa na konsonanti. Ikiwa nyepesi, mkazo unarudi nyuma silabi moja. Kwa hiyo ni *pu-EL-la* na *a-MI-cus*, lakini *DO-mi-nus* na *IN-su-la*. Kila mtu arekodi sauti yake akisoma maneno kumi ya aina hii na kuituma kundini.

Hatua ya 3: Kitenzi kwanza

Mimi huanza na kitenzi, hata kama kitabu kina mpangilio wake, kwa sababu hapa Mswahili anajisikia nyumbani siku ya kwanza.

*amo* – ninapenda
*amas* – unapenda
*amat* – anapenda
*amamus* – tunapenda
*amatis* – mnapenda
*amant* – wanapenda

Ni-, u-, a-, tu-, m-, wa- zetu hukaa mbele. *-O, -s, -t, -mus, -tis, -nt* hukaa nyuma. Kazi ni ile ile: mtendaji yuko ndani ya kitenzi, huhitaji kusema "mimi" wala "wao" mpaka unapotaka kusisitiza. Karirini viambishi hivi kwa sauti mpaka vitoke bila kufikiri. Vikikaa, nusu ya mazoezi ya mwanzo yamekuwa mepesi.

Hatua ya 4: Nomino, na hapa msikimbie

Katika Kiswahili, nafasi ndiyo inayotuambia nani kamfanyia nini nani. "Mamba anamwona baharia" si sawa na "baharia anamwona mamba". Kilatini huweka habari hiyo kwenye mwisho wa nomino. Chukueni sentensi hizi:

*Nauta crocodilum videt.* Baharia anamwona mamba.
*Crocodilum nauta videt.* Bado baharia ndiye anayeona.
*Nautam crocodilus videt.* Sasa mamba ndiye anayeona, na baharia aangalie miguu yake.

*Nauta* ni kiima (nominativi), *nautam* ni yambwa, yaani anayetendewa (akuzativi). Zoezi letu la wiki hii ni moja: mratibu anarusha sentensi zilizopanguliwa, na kabla ya kutafsiri kila mtu anaandika kiima ni kipi, yambwa ni ipi, na ni herufi gani zilizomwonyesha. Anayetafsiri kwa kufuata mpangilio wa maneno atakamatwa hapa, na ni afadhali akamatwe mapema.

Genitivi, umbo la mwenye kitu, mwifananishe na a-unganifu (wa, ya, za), kwa uangalifu. *Filia nautae* ni binti wa baharia. Kwetu "wa" inamfuata binti, yaani kinachomilikiwa. Kwao anayebadilika umbo ni mwenye mali. Wanakwaya wanaijua tayari bila kujijua: *peccata mundi*, dhambi za dunia.

Kisha kuna mtego wa -ni. Tunasema "anaishi kisiwani" na "anakwenda kisiwani", neno halibadiliki. Kilatini hutenganisha: *in insula habitat*, yuko huko (ablativi), *in insulam navigat*, anasafiri kuelekea huko (akuzativi). Niliwapa watu wa Ukerewe zoezi la kueleza safari ya kivuko kwa sentensi hizi mbili tu, na halijawahi kusahaulika kundini.

Hatua ya 5: Upatanisho, na samaki wetu

Hapa ndipo ngeli zinapotulipa. Kilatini kina jinsia tatu: ya kiume, ya kike, na isiyo ya upande wowote. Kivumishi lazima kipatane na nomino yake. Wanaotoka kwenye Kiingereza huona hili kuwa mzigo; sisi tumekua tukisema "kiti kizuri, viti vizuri, mti mzuri".

*Nauta* inaishia kwa *-a* kama nomino za kike, lakini baharia huhesabiwa mwanamume, basi ni *nauta bonus*, si *bona*. Mtu akishangaa, mwulizeni kwa nini tunasema "kiboko mkubwa amelala" na si "kiboko kikubwa kimelala". Umbo linasema ki-vi, upatanisho unafuata uhai. Huhitaji maelezo zaidi ya hapo.

Halafu nendeni ziwani. Dagaa wetu ni *Rastrineobola argentea*: jina la kwanza ni la kike, basi kivumishi "-a fedha" kinaishia *-a*. Sangara ni *Lates niloticus*, wa kiume, "wa Nile". Sato ndiye mfano bora kuliko wote. Kwa miaka mingi aliitwa *Tilapia nilotica*. Wataalamu walipomhamishia jenasi nyingine (kundi la viumbe wanaokaribiana, ndilo jina la kwanza) akawa *Oreochromis niloticus*. Kivumishi ni kile kile, lakini nomino ilipotoka jinsia ya kike kwenda ya kiume, mwisho wake ukalazimika kufuata. Ngege naye alikuwa *Tilapia esculenta*, "anayelika", sasa ni *Oreochromis esculentus*. Mpeni kila mwanakundi majina matano ya viumbe wa ziwani, ataje jinsia ya kila nomino kwa kutazama kivumishi chake.

Hatua ya 6: Mwendo wa wiki

Jumatatu mratibu anatangaza kazi. Kila mtu anafanya kwenye daftari, kisha anachapa majibu na kumtumia mratibu peke yake, si kundini, ili asinakiliwe. Mwisho ni Jumamosi usiku. Mratibu anayapanga kwa sentensi: sentensi ya kwanza, chini yake majibu ya wote bila majina, na kuendelea. Jumapili jioni yanabandikwa na mjadala unaanza. Majibu yanapotofautiana, swali ni moja tu: ni mwisho upi wa neno unaokufanya useme hivyo?

Hatufanyi masomo ya video. Umeme hukatika, bando ni ghali, na wa visiwani mtandao unawasumbua. Sauti fupi na maandishi vinafika. Programu za kutafsiri tumezikataza kwenye mazoezi kwa sababu hutoa jibu bila sababu yake. Asiyemaliza atume alichofikia.

Nomino za Kilatini hugawanywa katika makundi kwa namna miisho yake inavyobadilika, na watu hukata tamaa zaidi kwenye kundi la tatu la nomino. Hapo tunatumia wiki mbili kwa somo moja. Kila nomino ikaririwe pamoja na genitivi yake, *rex, regis*, *pes, pedis*, *piscator, piscatoris*, kwa kuwa mzizi unaonekana kwenye genitivi. Anayekariri *rex* peke yake hatamtambua *regem* akikutana naye.

Akija mtu mpya mkiwa mmefika mbali, msimwingize katikati. Mwandikeni, asubiri hadi wafike wanane, kisha mmoja wa waliovuka kundi la tatu la nomino awe mratibu wao, kwa kitabu kile kile na maelezo ya Kiswahili mliyokwisha kuyaandika.