Vya kuweka pembeni ya adobo: onja mchuzi kwanza

Kitagalog, lugha ya Ufilipino, kina neno ulam, na Mswahili hahitaji kuelezwa sana: ni kitoweo. Chochote kinachoteremsha wali, iwe nyama, samaki au choroko, ni ulam. Neno la pili nililojifunza mezani kule Ufilipino ni umay, nalo tunalo: kukinai. Tumbo bado lina nafasi, ila ulimi umeshakataa kwa mafuta au chumvi iliyozidi. Adobo, yaani nyama iliyopikwa kwa siki, ni kitoweo kitamu ajabu lakini kinakinaisha upesi, kwa hiyo chochote unachokiweka pembeni yake kina kazi moja, kumfanya mlaji atamani tonge linalofuata.

Nilikaa Los Baños, mkoa wa Laguna, miaka miwili na nusu nikisomea kilimo cha mpunga. Nilipanga chumba kwa mama mmoja ambaye wapangaji wote tulimwita Nanay, yaani mama. Jumapili alipika adobo, sufuria kubwa ya kutufikisha Jumanne. Kwa ajili yangu alipika ya kuku, ingawa majirani wengi walipika ya nguruwe au walichanganya nyama zote mbili. Alitia siki, mchuzi wa soya, kitunguu saumu kilichopondwa bila kumenywa vizuri, pilipili manga nzima na majani makavu ya laureli. Akishamimina siki, mwiko haukuingia mpaka ichemke na ile harufu kali ipande na kupotea. Ukiikoroga mapema, alisema, siki inabaki mbichi.

Mwaka wangu wa kwanza niliwaalika wenzangu sita wa maabara. Adobo niliipika mwenyewe na ikatoka vizuri. Pembeni nikapanga pancit, yaani tambi za kukaangwa, nazo nilizitia mchuzi wa soya. Lumpia za kukaanga, yaani vitafunio vya unga mwembamba ulioviringishwa na kujazwa ndani, na kibakuli cha siki ya kuchovea. Na laing, majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui zito mpaka mafuta yakaelea. Kila chakula kilikuwa kitamu peke yake. Lakini baada ya vijiko vichache watu walipunguza mwendo, wakawa wanakunywa maji kuliko kula, na wali ulibaki nusu sufuria. Nanay alichungulia, akatazama meza, akasema maneno mawili: "Puro maalat." Chumvi tupu. Akaingia jikoni, akarudi na sahani ya nyanya na matango yaliyokatwa, hayana hata chembe ya chumvi, akaiweka katikati. Wali ukaanza kupungua.

Tangu siku hiyo sipangi vya pembeni kabla sijaonja mchuzi.

Wali kwanza, na uwe mweupe kabisa

Usiutie chumvi, usiutie mafuta, wala usiutie tui. Najua kwa mpishi wa Kiswahili hili ni gumu, maana wali usio na chumvi kwetu ni wali wa mgonjwa. Lakini mchuzi wa adobo una chumvi ya kutosha sahani nzima, na wali ndio unaoipokea. Nanay alipima maji kwa kidole: ncha inagusa mchele uliosawazishwa, maji yanafika pingili ya kwanza. Chagua mchele unaoshikana kidogo. Sokoni kule tulinunua Sinandomeng kwa siku za kawaida, na Dinorado, wenye harufu nzuri, wageni wakija. Mchele unaochambuka punje moja moja huacha mchuzi uteremke mpaka chini ya sahani, na hapo ndipo utakapoukuta umebaki.

Upike mwingi kuliko unavyodhani.

Mchuzi unasema nini?

Chota kijiko kimoja cha mchuzi, uache upoe kidogo, uonje bila wali. Adobo haina sura moja. Ile nyeusi yenye soya ndiyo inayojulikana zaidi, hasa Manila na mikoa ya Watagalog. Adobong puti, adobo nyeupe, haina soya kabisa: ni siki, chumvi na kitunguu saumu. Kule Bicol wanaitia tui la nazi na pilipili kali. Batangas wanapika ya manjano, rangi yake ikitoka kwenye bizari ya manjano.

Ukionja ukakuta soya ndiyo inayotawala, chumvi na utamu wa mbali, basi pembeni weka kitu kibichi na cha baridi: nyanya, tango, embe bichi, achari ya papai. Soya nyingine mezani isiwepo, wala uduvi uliochachushwa, ule wanaouita bagoong, hata kama kila mtu anakwambia embe bichi halinogi bila bagoong. Linanoga. Likate vipande vyembamba, changanya na kitunguu maji kilichooshwa na nyanya, basi.

Adobo nyeupe ni rahisi zaidi. Kwa kuwa haina soya, inavumilia jirani mwenye chumvi. Hapa ndipo ninapoleta itlog na maalat, mayai ya bata yaliyolowekwa kwenye chumvi, ambayo maganda yake hupakwa rangi nyekundu ya zambarau ili yasichanganywe na mabichi. Victoria, mji wa wafugaji wa bata, uko mkoa uo huo wa Laguna, kwa hiyo kwetu hayakukosekana. Yai moja linatosha watu wawili. Likate pamoja na ganda, likombe kwa kijiko, livunjevunje juu ya nyanya mbivu zilizokatwa vipande vikubwa, na kitunguu kidogo ukipenda. Kiini kinakuwa cha machungwa na kina mafuta yake, nyanya inatoa maji, na hivyo viwili vinageuka mchuzi wenyewe kwenye bakuli. Wengi huweka saladi hii hata na adobo ya soya. Mimi naona ni chumvi juu ya chumvi.

Ya tui, usiipe tui jingine. Kosa langu la laing ndilo hilo, ingawa siku ile adobo yangu haikuwa hata ya tui. Ipe bilinganya ya kuchoma. Chagua zile ndefu nyembamba, ziweke juu ya mkaa au mwali wa jiko mpaka ganda liungue kabisa na ndani kulegee, zimenye zingali moto huku ukiacha kikonyo, zibonyeze kwa uma, kisha tia nyanya, kitunguu na ndimu. Wao hutumia kalamansi, ndimu ndogo za mviringo. Ladha ya moshi inakata tui kuliko hata siki inavyoweza.

Ya manjano huliwa na hivyo hivyo vya adobo nyeupe.

Achari ya papai, ambayo siikosi

Wanaiita atchara, na jina hilo ni ndugu wa achari yetu. Watu huuliza inakuwaje chakula chenye siki kisindikizwe na siki nyingine. Ni kwamba siki ya adobo imeshapikwa, ukali umeisha, imezama kwenye mafuta ya kuku. Siki ya achari ni ya baridi, ina sukari, na inakuja na kitu cha kutafuna. Mdomo hauzichanganyi.

Chukua papai bichi la kilo moja hivi, lile ambalo ukilikata ndani ni jeupe na mbegu zake bado nyeupe. Likianza kuwa na wekundu ndani, tafuta jingine. Limenye, likwaruze liwe nyuzi nyuzi, lichanganye na vijiko viwili vya chakula vya chumvi, uliache saa moja. Sasa inakuja hatua ambayo watu wanaifanya haraka haraka na kuiharibu, yaani kukamua. Lifunge kwenye kitambaa safi cha pamba na ulisokote. Maji yatatoka mengi. Fungua, geuza, kamua tena. Nanay alikamua mara tatu, mara ya mwisho ameegemea meza kwa uzito wa mwili wote, mpaka papai likatoka limekauka, rangi yake imefifia, na nyuzi zikaachana zenyewe alipozikung'uta. Maji yakibaki ndani, siki inakuwa chepechepe na papai linalegea baada ya siku mbili. Likikamuliwa sawasawa, wiki ya pili bado linalia menoni.

Ongeza karoti moja iliyokwaruzwa, tangawizi iliyokatwa vijiti vyembamba, pilipili hoho nyekundu, punje kadhaa za kitunguu saumu zilizokatwa, na zabibu kavu za kujaa kiganja. Chemsha vikombe viwili vya siki nyeupe na kikombe kimoja cha sukari na kijiko cha chai cha chumvi, mpaka sukari iyeyuke. Onja hapo. Kwa adobo ya soya yenye utamu napunguza sukari, kwa nyeupe naiongeza kidogo. Shindilia papai kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, mimina siki ifunike, funga, weka kwenye friji. Ukiifungua siku ile ile utaona ladha zimetengana, kila moja na lwake. Siku ya tatu zimeshapatana.

Mezani iwe kidogo, kijiko kimoja au viwili kwa mtu. Haijazi sahani. Mtu anaitafuna katikati ya matonge.

Majani na choroko

Mboga za majani ziwe za kuchemshwa tu. Kule wanapenda kangkong, inayoota majini na yenye shina lenye tundu kama mrija, na pia talbos ng kamote, ambayo ni matembele yetu yale yale. Matembele yatumbukize kwenye maji yanayochemka dakika moja, yatoe, yapitishe kwenye maji baridi, yakamue, kamulia ndimu, katia nyanya. Kuna pia kangkong inayopikwa kwa siki na soya, nayo inaitwa adobo. Ni tamu, ila iache kwa siku ambayo huna adobo ya nyama.

Choroko ni kitu kingine kabisa. Ginisang munggo ni choroko zilizochemshwa mpaka zikapasuka, zikaungwa kwa kitunguu saumu, kitunguu na nyanya, na dakika ya mwisho zikatiwa majani ya mlonge au ya karela. Migahawa mingi huipika Ijumaa, desturi iliyotokana na Wakatoliki kutokula nyama siku hiyo. Ukiiweka pembeni ya adobo, ipike nyepesi kama supu na upunguze chumvi, maana inageuka kuwa mchuzi wa pili juu ya wali. Nanay aliipika adobo ilipokuwa ndogo na watu wengi. Paja moja la kuku na bakuli la choroko linamshibisha kijana aliyetoka shambani, na hakuna aliyejiona amepunjwa.

Ukitaka supu, iwe ya tangawizi na majani ya mlonge, ya moto, isiyo na uchachu. Sinigang yenye ukwaju naipenda sana, lakini mbele ya adobo inashindana nayo na zote mbili zinapoteza.

Siku ya pili na ya tatu

Adobo ilipikwa ili ikae. Mwaka 1613 padri mmoja Mhispania, Pedro de San Buenaventura, alichapisha kamusi ya Kitagalog pale Pila, mji wa jirani na Victoria, na ndani yake ameuita upishi huu adobo ya wenyeji. Wenyeji walikuwa wakipika kwa siki kabla ya Wahispania kuwaletea jina, kwani siki huzuia nyama isiharibike haraka kwenye joto lile. Ndiyo maana ladha yake ni kali, na ndiyo maana siku ya pili inakuwa nzuri zaidi: siki na chumvi vimeingia mpaka mfupani.

Asubuhi ya Jumatatu Nanay alichambua nyama, akaikaanga kwenye mafuta yake yenyewe mpaka kingo zikawa ngumu. Pembeni yake ilikuwa sinangag, ambayo ni kiporo cha wali kilichokaangwa na kitunguu saumu. Tumia wali wa jana, wa baridi. Lowesha vidole, vunjavunja mabonge. Kaanga kitunguu saumu kingi kwa moto mdogo mpaka kiwe rangi ya dhahabu, toa nusu uweke kando, mimina wali, ongeza moto, geuza mpaka punje zianze kuruka. Safari hii chumvi kidogo inaruhusiwa, kwa kuwa nyama imeshakauka na haina mchuzi. Rudisha kitunguu saumu ulichotoa juu yake. Yai la kukaanga lenye kiini kilaini, slesi za nyanya, kijiko cha achari.

Jumanne sufuria ilikuwa na mafuta, masalia ya kitunguu saumu na mchuzi ulioganda pembeni. Hapo Nanay hakutafuta cha pembeni chochote. Aliibandika sufuria jikoni, akamimina wali uliobaki humo humo, akaukwangua na kuugeuza mpaka ukawa wa kahawia na ukashika ukoko chini. Wapangaji tulikuwa tumeshasimama nyuma yake, kila mtu na kijiko chake.