Ukaazi wa kudumu Kanada kupitia Express Entry: maliza kazi kabla siku 60 hazijaanza kuhesabiwa

Express Entry ni mfumo ambao Kanada hutumia kuchagua wahamiaji wenye ujuzi: unafungua wasifu mtandaoni, unapewa alama, na wenye alama za juu hualikwa kwa duru. Mwaliko wa kuomba ukaazi wa kudumu ukishaingia kwenye akaunti yako, una siku 60 za kupeleka maombi yaliyokamilika. Zikipita, mwaliko umekufa. Mara nyingi anayeupoteza ana sifa zote. Kilichomkwamisha ni barua ya mwajiri wa zamani, au cheti cha tabia njema cha nchi aliyoishi miaka sita iliyopita. Kwa hiyo hapa tunaanza na vile vinavyochelewa.

Mwongozo huu ni wa aliye nje ya Kanada anayepitia Federal Skilled Worker, mmoja wa mipango mitatu iliyo ndani ya Express Entry. Quebec ina utaratibu wake na haimo humu.

Hatua ya 1: Jihakikishie sifa za kuingilia

Unatakiwa uwe umefanya kazi ya ujuzi kwa mwaka mmoja mfululizo, yaani saa 1,560, ndani ya miaka 10 iliyopita, na kazi hiyo iwe kwenye ngazi ya TEER (ngazi ya mafunzo na uzoefu ambayo kazi inadai) 0, 1, 2 au 3 katika orodha ya kazi ya Kanada, NOC 2021. Saa zinazozidi 30 kwa wiki hazihesabiwi, hivyo kufanya kazi saa 60 kwa wiki kwa miezi sita hakukupi mwaka. Lugha iwe angalau kiwango cha 7 cha CLB, kipimo cha lugha cha Kanada, katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kisha upate alama 67 kati ya 100 kwenye jedwali la sifa.

Hizo 67 ni za kukuingiza tu. Ukishaingia unashindanishwa kwa mfumo mwingine kabisa, CRS, wenye alama 1,200. Wanaochanganya mifumo hii miwili hujikuta wanangoja mwaliko usiokuja.

Namba ya kazi yako ichague kwa majukumu, usiichague kwa cheo. Fungua ukurasa wa kazi husika kwenye NOC, soma maelezo ya utangulizi na majukumu makuu. Kama kadi yako imeandikwa "meneja" lakini husimamii mtu wala bajeti, hiyo namba ya umeneja haikufai, na afisa atakayesoma faili lako ataliona hilo.

Hatua ya 2: Tathmini ya elimu

Shahada ya nje ya Kanada lazima itathminiwe na taasisi inayotambuliwa, kama WES, IQAS au ICAS. Madaktari hupitia Medical Council of Canada. Omba tathmini ya uhamiaji, kwa sababu taasisi hizo hizo hutoa pia ya masomo na ya ajira ambazo hapa hazina kazi. Kinachochelewesha ni chuo: nakala ya matokeo kwa kawaida hutakiwa itoke chuoni moja kwa moja, kwa bahasha iliyofungwa au kwa njia ya kielektroniki. Anza nayo hata kabla ya kujisajili kwa mtihani wa lugha. Ripoti hutumika miaka mitano.

Ukiwa na shahada moja na stashahada juu yake, tathmini vyote viwili. Kwa asiye na mwenza, shahada moja ni alama 120. Vyeti viwili vya baada ya sekondari, kimoja kikiwa cha miaka mitatu au zaidi, ni 128. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye alama za mchanganyiko wa elimu na lugha: ukiwa na CLB 9, shahada moja hukupa 25, vyeti viwili hukupa 50. Stashahada uliyoiacha kabatini inaweza kuwa na thamani ya alama 33.

Hatua ya 3: Lugha, ndipo penye alama

Umri huwezi kuurudisha, na shahada mpya ni miaka. Alama ya lugha unaweza kuibadilisha ndani ya miezi michache, na hakuna kingine kinacholipa hivyo. Chukua mtu wa miaka 31, asiye na mwenza, mwenye shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka mitano nje ya Kanada. Akiwa na CLB 8 kote (mchanganyiko hapa ni wa elimu na lugha, pamoja na wa uzoefu na lugha):

umri 99 + elimu 135 + lugha 92 + mchanganyiko 50 = 376

Mtu huyo huyo akifika CLB 9 kote:

umri 99 + elimu 135 + lugha 124 + mchanganyiko 100 = 458

Zimeongezeka alama 82. Sasa angalia mtego. Kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza, CLB 9 ni kusikiliza 8.0, na 7.0 kwa kusoma, kuandika na kuzungumza. Ukipata 7.5 kwenye kusikiliza na mengine yote yakafika, unapoteza alama 8 za kusikiliza na pia 50 za mchanganyiko, kwa sababu mchanganyiko wa juu unadai CLB 9 katika stadi zote nne. Nusu alama moja imekula 58. Kwa hiyo usigawe muda wa mazoezi sawasawa. Fanya mtihani wa majaribio, tafuta stadi iliyo chini ya mstari, na ukae nayo hiyo.

IELTS iwe General Training. Ya Academic haipokelewi hapa. Mitihani mingine ya Kiingereza, CELPIP-General na PTE Core, pia inakubalika. Matokeo hutumika miaka miwili, na lazima yawe hai siku unayowasilisha maombi, siyo siku ya kufungua wasifu tu.

Kama ulisoma kwa Kifaransa, usikae na hazina hiyo. Mtihani wa Kifaransa wa TEF Canada au TCF Canada wenye kiwango cha 7 katika stadi zote hukuongezea 50, pamoja na 12 za lugha ya pili: yule wa 458 anafika 520. Isitoshe, kuna duru za mialiko za Kifaransa peke yake. Ile ya 21 Machi 2025 ilishuka hadi kwa mwenye alama 379.

Hatua ya 4: Barua za waajiri

Hapa ndipo mafaili yenye sifa nzuri hukataliwa. Barua ya aina hii haisaidii:

"Alikuwa mfanyakazi mwaminifu na mwenye bidii, tunamtakia kila la heri."

Afisa anatafuta vitu hivi, kwenye karatasi yenye nembo na mawasiliano ya kampuni: cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu, majukumu yako, kisha jina, cheo na sahihi ya anayeandika. Saa kwa wiki ndizo husahaulika zaidi, na bila hizo mwaka wako hauthibitiki.

Majukumu yaandikwe kwa maneno ya kazi yako halisi. Barua iliyonakili orodha ya NOC neno kwa neno huzua mashaka. Kampuni ikiwa imefungwa au imekataa kuandika, kusanya mkataba, hati za mshahara, kumbukumbu za kodi na taarifa za benki zinazoonyesha mshahara ukiingia, kisha ambatisha barua ya ufafanuzi inayoeleza ulivyojaribu kuipata. Barua ya Kiswahili itahitaji tafsiri, na wewe au ndugu yako hamruhusiwi kuitafsiri.

Hatua ya 5: Fedha za kuanzia maisha

Kwa viwango vya Julai 2025, mtu mmoja alitakiwa kuonyesha dola za Kanada 15,263, familia ya watu wanne 28,362. Hesabu mwenza na watoto hata kama hawasafiri. Barua ya benki itaje namba za akaunti, tarehe zilipofunguliwa, salio la sasa, wastani wa miezi sita, na madeni. Fedha za mkopo hazikubaliki, wala thamani ya nyumba. Kiasi kikubwa kilichoingia ghafla kieleze kwa ushahidi.

Hatua ya 6: Fungua wasifu

Ni bure, na hudumu miezi 12. Fungua mara unapostahili: alama zikifungana, aliyetangulia kuwasilisha ndiye anayechukuliwa. Mkiwa wawili, kila mmoja akokotoe alama kama mwombaji mkuu, halafu mlinganishe. Jimbo la Kanada likikuteua, unaongezewa alama 600.

Usinunue ofa ya kazi. Tangu 25 Machi 2025 ofa ya kazi haitoi tena alama za CRS, na udanganyifu hufungia mtu miaka mitano.

Hatua ya 7: Siku 60

Cheti cha tabia njema kinahitajika kwa kila nchi uliyoishi miezi sita mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10. Cha nchi unayoishi sasa kisizidi miezi sita siku unayowasilisha. Tangu 21 Agosti 2025 uchunguzi wa afya unafanyika kabla ya kuwasilisha, kwa daktari aliyeidhinishwa tu.

Ada, kwa viwango vilivyoanza 30 Aprili 2024: dola 950 za maombi na 575 za haki ya ukaazi kwa mtu mzima, 260 kwa mtoto, 85 za alama za vidole. Hupitiwa kila baada ya miaka miwili, basi angalia kiasi kipya kabla ya kulipa.

Taja mwenza na kila mtoto, hata anayelelewa na mzazi mwingine, hata asiyekuja. Mwanafamilia asiyetajwa na asiyepimwa afya anaweza kuzuiwa kabisa kuja kwako baadaye kupitia udhamini wa familia. Tafadhali usilifiche hili kwa aibu wala kwa haraka.

Hatua ya 8: Kuingia

Ingia kabla ya tarehe iliyo kwenye uthibitisho wako wa ukaazi. Andaa orodha ya mizigo uliyobeba na ile itakayofuata, uikabidhi forodhani siku hiyo hiyo. Anwani ya Kanada itoe ndani ya siku 180; ukichelewa, kadi ya kwanza utailipia dola 50.