Kabla hujakubali ukatibu: namna ya kutenga muda wa uongozi wa kujitolea katika chama cha taaluma

Anayependekezwa kushika nafasi katika chama cha taaluma yake huulizwa swali moja: "Utapata muda?" Naye hujibu, "Tutajitahidi." Miezi mitatu baadaye muhtasari wa kikao cha kwanza bado haujaandikwa, na mwenyekiti ameanza kupiga simu usiku. Mara nyingi kosa lilifanyika siku ile ya kukubali. Nafasi ilipimwa kwa wastani wa saa kwa wiki, ilhali kazi za uongozi huja kwa mafungu: wiki tatu kimya, ya nne mafuriko.

Mwongozo huu unapima nafasi kwa wiki yake nzito kuliko zote, kisha unaitafutia muda uliopo kweli. Zoezi lenyewe linachukua kama wiki tatu, kwa hiyo lianze kabla ya uchaguzi.

Hatua ya 1: Andika siku zako 14 jinsi zilivyo

Wiki ina saa 168. Toa 56 za kulala, 45 za kazini pamoja na mapumziko ya mchana, na 10 za njiani, zinabaki 57. Hesabu hii ndiyo inayowaponza watu. Hizo 57 zina wenyewe tayari: kupika, kufua, watoto, ibada, kuwatazama wagonjwa, na kukaa tu bila kufanya lolote, jambo ambalo mwili utalidai hata usipoliweka kwenye ratiba.

Chukua daftari na ugawe siku kwa vipande vya nusu saa. Jaza mara tatu: mchana, jioni na kabla ya kulala. Ukingoja usiku ndipo ujaze siku nzima, utaandika ulichokusudia kufanya badala ya ulichofanya. Mbele ya kila kipande weka N kama ulikuwa na nguvu, au C kama ulikuwa umechoka. Mstari wa jioni moja utaonekana hivi:

12:00–1:00 usiku, njiani, C
1:00–2:30 usiku, kupika, kula, kuwalaza watoto, C
2:30–4:00 usiku, simu na runinga, C

Mtu akiona saa moja na nusu ya simu na runinga hufurahi: muda huu hapa! Lakini herufi ni C. Unaweza kupanga risiti saa hizo, ila huwezi kuandika muhtasari wa kikao chenye mabishano.

Siku ziwe 14, kwa sababu wiki moja inaweza kuangukiwa na msiba au na ukaguzi kazini ikakupa picha ya uongo. Zikiisha, tafuta vipande vya N vyenye dakika 90 mfululizo. Vipande hivyo ndivyo mtaji wako. Nusu saa sita zilizotawanyika hazilingani na saa tatu, kwani kila ukikaa unapoteza dakika kumi kukumbuka ulipoishia.

Hatua ya 2: Pima nafasi kwa wiki yake nzito

Usimuulize anayeondoka, "Inachukua saa ngapi kwa wiki?" Anatafuta mrithi, atapunguza, tena hata asipokusudia, hakumbuki. Mwombe vitu vitatu: mihtasari ya miezi 12 iliyopita, idadi ya baruapepe zilizoingia kwenye sanduku la chama mwezi wa kawaida na mwezi wa mkutano mkuu, na maelezo ya siku kwa siku ya wiki yake ngumu ya mwisho.

Kisha orodhesha kazi na dakika zake. Mfano wa katibu wa tawi lenye kikao kimoja kwa mwezi:

- Kukusanya hoja za ajenda: 30
- Kutuma mwaliko na kukumbusha: 20
- Kuandaa makabrasha (nyaraka za kikao): 40
- Kikao chenyewe: 90
- Kuandika muhtasari: 90
- Kuusambaza na kupokea masahihisho: 20
- Kufuatilia yatokanayo (utekelezaji wa maamuzi ya vikao vilivyopita): 60
- Barua na ujumbe, dakika 30 kwa wiki nne: 120

Jumla ni dakika 470, karibu saa 8 kwa mwezi. Kwa wastani ni saa 2 kwa wiki, na hapo ndipo watu husema "ah, hiyo si kitu." Sasa ipange kwa wiki. Wiki ya kikao inabeba makabrasha, kikao, muhtasari, usambazaji na barua za kawaida: dakika 270, yaani saa 4 na nusu. Wiki nyingine tatu zinagawana dakika 200 zilizobaki, kila moja saa moja na ushei. Kumbe hakuna wiki hata moja yenye saa 2. Aliyetenga saa 2 atazembea wiki tatu bila kujua, na ya nne itamzidi.

Ukimaliza, zidisha mara moja na nusu. Kwa miezi mitatu ya mwanzo zidisha mara mbili, maana bado hujui nani anajibu barua, nani hajibu, na mafaili yako wapi. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky waliueleza udhaifu huu wa binadamu: tunakadiria kazi zetu kuwa fupi hata tukijua za mfano wake zilichelewa. Dawa ni kuacha kujiuliza "mimi nitatumia muda gani?" na kutazama waliotangulia walitumia muda gani. Ndiyo sababu ya kuomba ile mihtasari.

Mwezi wa mkutano mkuu upimwe peke yake. Taarifa ya mwaka, orodha ya wapiga kura, akidi (idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali) na uchaguzi wenyewe vinaweza kufanya mwezi huo uwe mzito mara mbili au tatu.

Hatua ya 3: Chagua nafasi inayofanana na muda wako

Nafasi zinatofautiana zaidi kwa umbo la muda kuliko kwa idadi ya saa, na hili ndilo jambo ambalo kamati za uteuzi hazilisemi.

Mwenyekiti hana kazi nyingi za mezani, lakini muda wake hukatwakatwa: simu saa nne asubuhi, ugomvi wa wajumbe wawili mchana, mgeni wa kupokelewa jioni. Huwezi kuyakusanya hayo ukayafanya Jumamosi. Mwenye kazi isiyomruhusu kushika simu mchana, kama mwalimu aliye darasani au muuguzi wa zamu, atateseka hapo hata akiwa na saa kumi za ziada kila wiki.

Mweka hazina anahitaji dakika 30 hadi 45 kila wiki, bila kuruka. Kazi yenyewe hairuhusu kulimbikizwa. Risiti ya wiki hii inaingizwa kwa dakika mbili. Ya miezi minne iliyopita itakula nusu saa ya kuuliza nani alinunua nini. Halafu kuna ukaguzi wa hesabu mwisho wa mwaka, wenye tarehe isiyosogezwa.

Mratibu wa mafunzo au makongamano hubanwa wiki sita hadi nane kabla ya tukio, kisha hupumua kabisa. Inamfaa mtu ambaye kazi yake ina misimu, alimradi misimu miwili isigongane. Weka kalenda zote mbili juu ya meza moja uzilinganishe.

Mhariri wa jarida hufanya kazi peke yake, hata usiku wa manane, na hakuna anayemkatiza. Mjumbe wa kawaida wa kamati ndiye mwenye mzigo mwepesi, na kwa asiye na uhakika, mwaka mmoja wa ujumbe ni kipimo kizuri kuliko hesabu yoyote ya hapa.

Hatua ya 4: Taja kitakachoondoka

Muda mpya hautengenezwi. Ukihitaji saa 4 na nusu katika wiki nzito, kuna kitu cha saa 4 na nusu kitakachotoka, nawe usipokichagua, kitajichagua chenyewe. Kwa kawaida ni usingizi. Andika kwa jina: "Kuanzia mwezi ujao naacha kozi ya jioni ya Jumatano." Kuandika "nitapunguza mitandao" hakusaidii, maana hakuna siku wala saa iliyotajwa.

Kama tayari uko kwenye kamati nyingine mbili, jiuzulu moja kabla ya kugombea. Kubaki kote ili usiwaudhi watu huishia kuwaudhi wa pande zote tatu.

Hatua ya 5: Zungumza kazini na nyumbani mapema

Kosa la kawaida kwa mwajiri ni kuomba "ruhusa ya kushiriki shughuli za chama." Msimamizi hajui anakubali nini, hivyo anakubali, kisha anashangaa. Taja siku, saa na mipaka:

"Nimeombwa kugombea ukatibu wa chama cha taaluma yetu kwa miaka miwili. Kazi nitaifanya nje ya saa za ofisi, isipokuwa kikao kimoja kwa mwezi, Alhamisi ya mwisho kuanzia saa 10 jioni, na siku mbili za mkutano mkuu nitakazoziombea likizo ya kawaida. Sitatumia vifaa vya ofisi. Jambo la chama likigusa maslahi ya ofisi yetu, nitajiondoa kwenye uamuzi wake. Naomba kibali kwa maandishi."

Maandishi yana kazi yake: wasimamizi huhama, na anayekuja hana habari na maneno ya mdomo.

Nyumbani hutahitaji barua. Taja jioni zipi hutakuwepo, nani atashika nini siku hizo, na kipindi kinaisha lini. Hilo la mwisho husahaulika, nalo ndilo linalofanya yale mawili ya kwanza yavumilike.

Hatua ya 6: Kubali kwa masharti

Usikubali ndani ya kikao watu wakipiga makofi. Omba siku tatu, kisha jibu kwa maandishi:

"Nipo tayari kushika ukatibu kwa mwaka mmoja, nikiwa na katibu msaidizi tangu siku ya kwanza. Barua za chama nitazijibu Jumatatu na Alhamisi. Usajili wa wanachama uwe chini ya mjumbe mwingine."

Kamati ikikataa masharti yote, umejua mapema. Soma na katiba ya chama: ukomo wa kipindi, akidi, na utaratibu wa kujiuzulu. Katiba ikitaka katibu asimamie usajili, sharti lako la tatu halina nguvu mpaka mkutano ukasimishe kazi hiyo.

Hatua ya 7: Fungia kazi za chama kwenye saa zake

Tenga vipande viwili kwa wiki: kimoja cha dakika 90 kwenye saa za N, kwa kuandika na kufikiri, na kimoja cha dakika 30 kwenye saa za C, kwa barua na kumbusho. Wiki ya kikao ongeza cha tatu cha dakika 90, nacho kiwe kesho yake. Muhtasari ulioandikwa ndani ya saa 24 unatoka kwa dakika 90. Ukiuacha wiki nzima utalazimika kuwapigia wajumbe kuuliza nani alisema nini, nao watakupa majibu matatu tofauti.

Afadhali zaidi, andika maamuzi kikao kikiendelea, kila uamuzi mstari mmoja, na uusome kwa sauti kabla ya kuhamia ajenda inayofuata:

Uamuzi: ada ya mafunzo ibaki ilivyo. Mhusika: mweka hazina. Mwisho: tarehe 15.

Mstari usio na mhusika ndio utakaorudi kwenye yatokanayo miezi minne mfululizo.

Kinachomaliza muda wa viongozi wengi ni kundi la WhatsApp, bandu bandu huisha gogo. Ujumbe mmoja ni dakika mbili, lakini ukisoma ishirini kwa siku umeshakula dakika 40 ambazo hazipo kwenye hesabu yoyote hapo juu. Zima mlio wake na utangaze kuwa maombi rasmi yaje kwenye anwani ya chama. Kisha lishike neno lako: ukijibu ombi moja rasmi ndani ya kundi, umelifungulia mlango tena. Anwani hiyo iwe ya chama, tofauti na yako binafsi, vinginevyo barua za chama zitakufuata hadi siku ya mapumziko.

Kuhusu vikao, ajenda itoke siku mbili kabla, kila hoja ikiwa na dakika zake. Taarifa zisizohitaji uamuzi zisomwe nyumbani. Hayo mawili tu yakifuatwa, kikao cha saa mbili hupungua sana, na wajumbe wataanza kufika kwa wakati kwa kuwa wanajua mwisho wake.

Hatua ya 8: Kagua baada ya siku 90, na uandae makabidhiano

Kwa miezi mitatu ya kwanza andika dakika halisi kando ya makadirio ya hatua ya 2. Zikizidi kwa theluthi moja hivi, ni sehemu ya kujifunza. Zikiwa mara mbili hata mwezi wa tatu, tazama mstari gani umevimba. Mara nyingi ni kufuatilia yatokanayo, na maana yake ni kwamba unafanya kazi za wahusika wengine. Zirudishe kikaoni kwa majina.

Msaidizi asiwe wa kubeba makabrasha. Mpe kikao kimoja kati ya vitatu akiendeshe mwanzo hadi mwisho, ili ukiugua au ukisafiri akaimu bila kukupigia simu.

Fungua tangu wiki ya kwanza faili moja la makabidhiano: kalenda ya mwaka, orodha ya wanaotoa huduma kwa chama, akaunti zote za intaneti, na mambo yaliyokwama na sababu zake. Liongezee taarifa kwa dakika tano kila baada ya kikao. Likiandikwa wiki ya mwisho huwa na kurasa mbili za salamu na hakuna anwani hata moja.

Ikibidi kuondoka kabla ya kipindi kuisha, fuata utaratibu wa katiba, toa taarifa ya angalau siku 30, na usiondoke katikati ya maandalizi ya mkutano mkuu ikiwa unaweza kungoja. Nywila zibadilishwe siku ileile ya makabidhiano, mrithi akiwa ameketi kando yako, na simu inayopokea namba za uthibitisho iwe yake.