Jinsi ya Kuomba Kununua Nyumba Japani na Kulinda Heshima Yako

Japani haimzuii mgeni kumiliki ardhi wala nyumba. Huhitaji uraia, hata ukaazi, ingawa hati ya nyumba haitakupatia viza. Karatasi zinafuatika. Kinachowakwamisha wageni wengi ni mwenendo, maana muuzaji huchagua mtu wa kumuuzia, na haangalii fedha peke yake.

Anza na dalali mwenye leseni. Fika kabla ya saa ya miadi. Ukiona utachelewa hata dakika tano, piga simu. Kadi yake ya jina ipokee kwa mikono miwili, isome, kisha iweke mezani mbele yako. Siku ya kutazama nyumba huenda ukamkuta mwenyewe bado anaishi humo. Vua viatu mlangoni, na slipa uziache nje ya chumba chenye mikeka ya tatami. Omba ruhusa kabla ya kufungua kabati au kupiga picha, na bei usiitaje mbele yake kabisa.

Ukiipenda, jaza barua ya maombi, iitwayo kaitsuke. Humo unaandika bei unayotoa, kiasi cha arubuni, kama utakopa benki, na tarehe unayotaka kukabidhiwa. Punguzo liombwe hapa, kupitia dalali, kwa kiasi na kwa sababu inayoeleweka, kwa mfano paa linalohitaji matengenezo. Sisi tumezoea kupatana bei kwa kushuka na kupanda. Huko, kurudi na bei mpya baada ya kukubaliwa huhesabiwa kuwa ni kuvunja neno. Kisheria barua hii haikufungi, lakini ukiitoa kisha ukaingia mitini, dalali aliyekusimamia ndiye anayeaibika, na hatakuhangaikia tena. Kwa hiyo usiipeleke kwa nyumba tatu ukisubiri itakayojibu. Na ukiambiwa kwa upole kwamba jambo lako "ni gumu kidogo", elewa kwamba limekataliwa, wala usishinikize.

Kabla ya mkataba, sheria inamtaka mtaalamu mwenye leseni akuonyeshe kitambulisho chake, kisha akueleze mambo muhimu ya nyumba: mipaka, barabara, hatari ya mafuriko. Njoo na mkalimani. Kuuliza hapa si utovu wa adabu. Kutia sahihi usichokielewa ndiyo hatari.

Arubuni kwa kawaida ni asilimia 5 hadi 10 ya bei. Ukijitoa unaipoteza, muuzaji akijitoa anakurudishia mara mbili. Katika nyaraka, badala ya sahihi, mkaazi hutumia mhuri uliosajiliwa manispaa. Asiye mkaazi huleta kiapo cha sahihi kilichothibitishwa nchini kwake. Ada ya dalali kwa nyumba ya zaidi ya yen milioni 8 haizidi asilimia 3 ya bei ukijumlisha yen 60,000, pamoja na kodi ya mauzo.

Siku ya malipo, mtaalamu wa usajili hukagua nyaraka na kuzipeleka ofisi ya masuala ya kisheria ili jina lako liandikwe.

Ukihamia, wapigie hodi majirani wa pande zote mbili na wa nyumba tatu za mbele. Jitambulishe, wape zawadi ndogo, taulo au sabuni ya kufulia. Uliza pia siku za kutoa taka na namna ya kuzitenganisha, kwa sababu mfuko uliokosewa huachwa palepale, na mtaa mzima huuona.