Somo: Kufunga jiko la gesi nyumbani, kulitumia na kulitunza (kwa wenzetu wa Kigoma)

Ndugu zangu, somo hili ni la jiko la gesi. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kuingia majikoni mwa watu Mwanga, Gungu, Katubuka na Ujiji, na ninachokikuta mara nyingi ni mtungi mzuri na jiko zuri vilivyopangwa vibaya. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, naliunga mkono kwa moyo wote. Ila naona mitungi inawafikia watu haraka kuliko maelezo.

Sisi tumekulia kwenye moshi. Moshi unapanda juu, macho yanawasha, tunafungua dirisha. Gesi ya mtungi haipandi. Ndani ya mtungi mna propani na butani, na zote ni nzito kuliko hewa: propani karibu mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Zikivuja zinashuka, zinatambaa sakafuni, zinajikusanya kwenye kona, chini ya kabati, ndani ya shimo. Tena hazihitaji kuwa nyingi. Hewa ikishakuwa na gesi ya kama asilimia 2, cheche moja inatosha kulipua. Kwa hiyo kila hatua hapa chini, ifanye ukiwa unaifikiria sakafu.

Hatua ya 1: Manunuzi

Familia ya watu watano au sita inafaa mtungi wa kilo 15 na jiko la pleti mbili. Anayeishi peke yake, wa kilo 6 unamtosha. Regyuleta, kile kifaa kinachokaa mdomoni mwa mtungi na kupunguza mgandamizo wa gesi, inunue ukiwa na mtungi wako, kwa sababu midomo ya mitungi hailingani, na regyuleta isiyokaa sawasawa haikazwi kwa nguvu wala kwa kufungwa mpira wa baiskeli. Mpira uwe wa gesi, wenye maandishi ubavuni yanayosema ni wa gesi na mwaka uliotengenezwa. Usikubali mpira wa maji: gesi huukausha, unapasuka. Chukua na klipu mbili za chuma.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aupime mtungi kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Tuseme umeandikwa 7.2 na ni wa kilo 6: mizani isome 13.2. Usione haya kuomba, ni haki yako. Angalia pia lakiri ya mdomoni haijafunguliwa, na mtungi haujabonyea wala kuliwa na kutu kwenye kitako.

Bodaboda akikuletea, mtungi usimame wima, usilazwe. Ukifika umelazwa, usimamishe utulie kwanza kabla ya kuunganisha.

Hatua ya 2: Mahali pa kuuweka

Hapa ndipo ninapogombana na wateja, na sitaacha.

Mahali bora ni nje ya ukuta wa jikoni, chini ya upenu, kwenye kivuli, ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli. Kizimba kiwe wazi chini. Wapo wanaojenga kibanda cha tofali, wakaziba pande zote, mlango wa bati, wakidhani wameulinda mtungi. Hicho ni kisanduku cha kukusanyia gesi. Mpira au bomba lipite ukutani kwenye tundu lililowekewa kipande cha bomba la plastiki, ili saruji isiukwaruze.

Mtungi ukae mbali na chemba ya choo, mtaro uliofunikwa au shimo lolote, angalau mita 2. Nimeona mitungi mingi imewekwa juu ya mfuniko wa chemba kwa sababu tu ndipo palipo na sakafu iliyonyooka. Gesi ikivuja pale inaingia shimoni na kukaa, na anayekuja kuwasha sigara jirani na pale hana habari.

Kama hakuna namna ila kuuweka ndani, basi uwe sehemu yenye mlango wa kutokea nje, na mlango huo usiwekewe kizibo cha kitambaa kwa chini. Toboeni tundu la hewa karibu na sakafu, pamoja na la juu. Tundu la juu peke yake linatoa joto na mvuke, gesi iliyoshuka halitoi. Jiko likae juu ya meza imara, mtungi pembeni yake kwa umbali wa mita 1 hivi, usiwe chini ya jiko. Na friji isikae ubavuni mwa mtungi. Friji inajiwasha na kujizima yenyewe usiku kucha, na kile kidude kinacholia "tik" kule nyuma chini kinaweza kutoa cheche. Jiko la mkaa ndani ya chumba chenye mtungi, hapana kabisa.

Hatua ya 3: Kuunganisha

Zima kila moto. Vaa klipu kwenye mpira kwanza, ndipo uusukume mpira kwenye shingo ya regyuleta mpaka ufike mwisho. Ukigoma, chovya ncha yake kwenye maji ya moto. Usipake mafuta. Kaza klipu mpaka mpira utune kidogo pembeni, ukikatwa umezidisha. Fanya vivyo hivyo upande wa jiko. Mita 1.5 ya mpira inatosha kabisa, na usipite nyuma ya jiko au mahali panapopata joto.

Chungulia mdomo wa mtungi: ile washa ya mpira, pete ndogo ya kuzuia gesi isivuje, iwepo, isiwe imepasuka. Weka regyuleta ikiwa imefungwa.

Hatua ya 4: Povu

Koroga sabuni ya unga au ya maji kwenye kikombe mpaka itoe povu zito. Funga koki za jiko zote, fungua mtungi, kisha paka povu kwenye mdomo wa mtungi, regyuleta, klipu zote mbili na mpira mzima. Usipake uondoke. Inama uangalie. Uvujaji mkubwa unarusha povu papo hapo, lakini mdogo unataka subira: kitone kimoja kinatuna polepole pembeni ya klipu, kinapasuka, kinatuna tena palepale. Hicho kimoja ni sababu ya kufunga mtungi na kurudia hatua ya 3. Kiberiti hakipimi gesi. Na pua nayo isiachiwe kazi hii peke yake. Gesi yenyewe haina harufu, ile tunayoisikia imetiwa kiwandani, na mtu mwenye mafua anaweza asiisikie.

Fanya hivi kila unapobadilisha mtungi.

Hatua ya 5: Kuwasha na kupika

Kiberiti kwanza, koki baadaye. Jiko la kubonyeza likikataa kushika kwa sekunde chache, funga, subiri hewa ipite, ndipo ujaribu tena. Ukimaliza kupika, funga kwenye mtungi, siyo kwenye jiko tu. Kabla ya kulala hakikisha tena.

Moto mzuri ni wa bluu na umetulia. Ukiwa wa njano na sufuria inapata masizi, gesi haiungui vizuri, na moto wa namna hiyo unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini.

Watu wananiambia gesi inaisha upesi. Mara nyingi ni maharage. Yaloweke tangu usiku, mwaga maji yale, funika sufuria, na yakishachemka shusha moto. Maji yanayochemka hayaongezeki joto kwa moto mkubwa, yanakauka tu na gesi inakwenda. Ndimi za moto zisizidi kitako cha sufuria.

Hatua ya 6: Matunzo

Adui wa jiko la gesi hapa kwetu ni mawese. Unakaanga mgebuka, mafuta yanaruka, yanateremka kwenye bana, kile kichwa cha jiko chenye vitundu vinavyotoa moto, na kuganda. Ukiivua ile pete ya bana utaona ukoko wa rangi ya chungwa iliyoiva, umeziba vitundu upande mmoja, na upande huohuo ndiko moto unakotoka wa njano. Kila wiki, jiko likiwa limepoa na mtungi umefungwa, vua bana, ziloweke kwenye maji ya moto na sabuni, sugua kwa mswaki wa zamani, zikauke kabisa kabla ya kurudisha. Zikirudi zikiwa na maji, moto utakuwa unarukaruka.

Jeti, kile kitundu kidogo cha shaba kinachopitisha gesi, usikichokonoe kwa sindano. Kikipanuka hata kidogo gesi inazidi, moto unakuwa wa njano, na hakirudi. Mwite fundi akibadilishe.

Mpira ukunje kwa vidole kila mwezi. Ukiona nyufa ndogo, ukihisi mgumu, au panya ameugusa, badilisha siku hiyohiyo.

Ukisikia harufu ya gesi

Usiguse swichi yoyote, kuwasha wala kuzima. Usipige simu ukiwa ndani. Funga mtungi kama unafikika, fungua milango yote, toa watoto na kila mtu nje, ukiwa mbali ndipo upige 114, Zimamoto. Gesi iliyo sakafuni inahitaji muda wa kutoka kwa mlango, msirudi kwa haraka.

MASWALI YENU

Kutoka Ujiji: Shikamoo fundi. Mimi ni mpangaji, nina chumba kimoja, napika na kulala humohumo. Mtungi wa kilo 6 nikiuacha barazani utaibwa. Nifanyeje?

Marahaba. Ongea na mwenye nyumba mfunge kizimba kimoja uani, wapangaji wote mchangie, kila mmoja na mtungi wake na mnyororo wake. Mpaka hapo, pika mlango na dirisha vikiwa wazi, na ukimaliza funga mtungi, vua regyuleta kama ni ya kuvuliwa, uweke kifuniko cha mdomo. Ila kulala na mtungi kwenye chumba kilichofungwa sitakuambia ni salama, maana kitanda chako kipo karibu na sakafu.

Kutoka Kibirizi: Upepo wa ziwani unanizimia moto, hasa nikishusha kuchemsha taratibu. Nikirudi nakuta harufu. Tatizo ni jiko?

Tatizo ni mahali na jiko pia, dada yangu. Majiko mengi ya bei ndogo, moto ukizimwa na upepo gesi inaendelea kutoka. Yapo yenye kifaa cha kukata gesi. Utayajua kwa kijiti kidogo cha chuma pembeni ya bana, na ukiwasha unashikilia koki sekunde kadhaa ndipo uachie. Ukibadilisha jiko, nunua hilo. Kwa sasa ligeuze lisitazamane na dirisha, na ukiwa na sufuria motoni usiende mbali.

Kutoka Gungu: Fundi, gesi ikikaribia kwisha watu wanaulaza mtungi au wanauweka kwenye beseni la maji ya moto. Inasaidia?

Wanafanya hivyo, nawaomba waache. Ndani ya mtungi gesi ni majimaji, inayotumika ni mvuke wa juu. Ukiulaza, majimaji yanaingia kwenye regyuleta na moto unaweza kuruka ghafla. Maji ya moto yanapandisha mgandamizo. Ukiuona mtungi umepoa na kutoa jasho wakati wa kupika ni kawaida, gesi inapogeuka mvuke inanyonya joto. Mstari wa jasho ndio unaokuonyesha majimaji yamefika wapi.

Kutoka Mwanga: Tanzania ina gesi ya Mtwara na Songo Songo. Kwa nini sisi tunauziwa mtungi ghali hivi?

Ni gesi mbili tofauti, kaka. Ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na ya Mnazi Bay kule Mtwara, 1982, ni metani. Metani haigeuki majimaji kwa kugandamizwa tu kwenye joto la kawaida, inataka kupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa hiyo haiingii kwenye mtungi wako. Ya mtungi inaagizwa nje kwa meli, inashushwa Dar es Salaam au Tanga, kisha inasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutufikia. Na metani ni nyepesi kuliko hewa, inapanda. Ukisoma maelekezo ya watu wanaotumia gesi ya bomba, usiyahamishie kwenye mtungi.

Kutoka Manyovu: Huku juu Juni na Julai baridi inauma. Nimeona mtandaoni moto wa gesi wa kuota, una magogo ya bandia yanayowaka kama kuni za kweli. Naweza kufunga sebuleni?

Nayafahamu. Yanapendwa Uingereza. Magogo yake ni ya nyuzi za kauri, hayaungui, chini yake mna bana. Moto wake wa njano umekusudiwa, ila kila gogo lazima likae palepale mtengenezaji alipoelekeza. Likisogea moto unaligusa vibaya, masizi yanajaa na kaboni monoksaidi inatoka. Mengi yanahitaji bomba la moshi la kweli, na kule Uingereza anayeyafunga lazima awe kwenye orodha ya mafundi ya Gas Safe, kisha yanakaguliwa kila mwaka. Tena yapo ya metani na ya gesi ya mtungi, jeti zake hazifanani. Kwa nyumba isiyo na bomba la moshi, mzee wangu, usifunge. Na usiwashe jiko la kupikia ili kuota moto milango imefungwa, hilo nalo limeshaua watu. Ziba nyufa za madirisha, ongeza blanketi.

Kutoka Katubuka: Mpira wangu mwaka wa kutengenezwa umefutika, sijui una umri gani. Kwa macho unaonekana mzima. Niuache?

Badilisha.